Sindano ya Jumatatu, damu ya Alhamisi

Alikuja Jumatatu asubuhi kabla foleni haijajaa, mkononi bahasha ya kaki na orodha iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti ya supamaketi. Ajenti wake ndiye aliyemwandikia: picha, pasipoti, kitambulisho, chanjo, medikali. Maneno mawili ya mwisho yalifuatana hivyo, chanjo mbele na medikali, yaani vipimo vya afya vya kabla ya safari, nyuma, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Mimi pia sikujiuliza, na mimi ndiye niliyeshika sindano.

Mimi ni muuguzi katika kliniki ndogo ya chanjo za wasafiri, upande wa Ngara, Nairobi. Wateja wetu ni mchanganyiko: wazee wanaokwenda Umra, wanafunzi wenye barua za vyuo vya ng'ambo, wauguzi wenzangu wanaohamia Uingereza, na kundi kubwa kuliko yote, vijana wanaokwenda kazi Ghuba. Huyu alikuwa wa kundi hilo. Miaka 28, msusi wa Kayole, mama wa mtoto mmoja, amepata mkataba wa kusafisha vyumba katika hoteli moja Jeddah. Ndege ilikuwa baada ya wiki tano. Nimebadilisha mambo machache asitambulike, lakini siku sijazigusa, maana kisa chenyewe kimelala kwenye siku.

Ile ya manjano

"Sista, nataka ile ya manjano," alisema.

"Ya manjano ipi, dada? Ya mbu au ya ini?"

Akanitazama kama aliyetegewa kitendawili. "Si ni moja? Macho yanageuka rangi."

Hapa Kiswahili chetu hutuponza karibu kila siku. Homa ya manjano ni ugonjwa unaoletwa na mbu. Chanjo yake ni dozi moja, inaandikwa kwenye ile kadi ya kimataifa, inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kudungwa, na tangu Julai 2016 kadi hiyo haiishi muda wake. Saudi Arabia huidai kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya ni mojawapo. Homa ya ini nayo hugeuza macho manjano, ila haina uhusiano wowote na mbu. Halafu homa ya ini yenyewe iko ya aina kadhaa: A hupitia chakula na maji machafu, B hupitia damu, ngono, na mama kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Nimekutana na watu walioishi miaka kumi wakiamini wamekingwa B kwa sababu tu wana kadi ya homa ya manjano kwenye droo.

Hakuna afisa wa uwanja wa ndege atakayekuuliza chanjo ya homa ya ini B. Wanaoiuliza ni waajiri wa hospitalini, vyuo vya uuguzi na udaktari, na baadhi ya mashirika. Kwa hiyo huyu dada hakuwa analazimika kuipata. Nilimshauri aipate kwa sababu ya kazi anayokwenda kufanya. Msafishaji wa vyumba vya hoteli hukusanya nyembe zilizosahaulika bafuni, hubadilisha shuka zenye damu, na mara nyingine hukuta sindano ndani ya pipa la taka. Virusi vya B vinaweza kukaa siku 7 au zaidi nje ya mwili vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza, hata katika tone la damu lililokauka. Ushauri ule nautetea mpaka leo.

Nilimuuliza kama amewahi kuchanjwa B. Hakujua. Mwaka wake wa kuzaliwa ulijibu kwa niaba yake: 1996. Kenya iliiingiza chanjo hii katika chanjo za watoto mwaka 2001, ndani ya ile sindano ya tano-kwa-moja ambayo watoto hudungwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Aliyezaliwa kabla ya hapo, isipokuwa awe mhudumu wa afya au alijilipia mwenyewe, kwa kawaida hana kinga ya chanjo. Mstari huo wa 2001 umekata familia nyingi za Nairobi katikati, mdogo yuko upande huu na dada yake mkubwa yuko upande ule.

Ratiba ya kawaida ya mtu mzima ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi 6. Yeye alikuwa na wiki tano. Kwa wasafiri wa haraka kuna ratiba ya mbio: siku ya kwanza, siku ya 7, siku ya 21, kisha dozi ya nne baada ya miezi 12, na hiyo ya nne ndiyo inayoifanya kinga ikae. Nikaiandika kwenye kadi. Nikamdunga ya homa ya manjano mkono wa kushoto, ya homa ya ini mkono wa kulia, begani, si kwenye makalio, maana kwenye mafuta ya makalio chanjo hii hufanya kazi vibaya. Nikamwambia bega litauma kidogo na huenda akapata homa ndogo. Akasubiri dakika zake, akashukuru, akaenda kupanda matatu.

Sikumuuliza medikali ni lini. Swali lenyewe halikuwa kwenye fomu yetu.

Hafai

Medikali ilikuwa Alhamisi ya wiki ile ile. Wanaokwenda Ghuba wanaijua: picha ya kifua kutafuta kifua kikuu, mkojo, ujauzito kwa wanawake, na damu kwa ajili ya ukimwi, kaswende, homa ya ini C na homa ya ini B. Hiyo ya B hupimwa kwa kutafuta kitu kinachoandikwa HBsAg kwenye ripoti, yaani antijeni ya ganda la nje la kirusi. Ikionekana, ripoti inatoka na neno moja: hafai.

Ijumaa jioni ajenti akampigia simu. Jumamosi asubuhi alikuwa mlangoni petu na shangazi yake, mwanamke wa makamo aliyevaa leso mbili na uso wa mtu ambaye hakulala. Shangazi ndiye aliyesema kwanza.

"Sista, huyu mtoto mlimchoma nini hapa? Aliingia mzima, ametoka na ugonjwa."

"Mama, keti kwanza. Dada, naomba hiyo karatasi."

Nilisoma tarehe kabla ya kusoma majibu. Damu imetolewa Alhamisi. Nikafungua faili letu. Sindano Jumatatu. Siku tatu. Nilihisi joto likinipanda shingoni.

Huku nikisoma, shangazi aliendelea kueleza hatua alizochukua tangu Ijumaa usiku. Amemtengea kikombe na sahani. Taulo lake limewekwa peke yake. Mtoto amehamishiwa kwa jirani asilale naye kitanda kimoja. Yule dada alikuwa kimya, amekunja mikono, anatazama sakafu. Nilipomwuliza swali lake kubwa ni lipi, hakuuliza kuhusu Jeddah. Aliuliza, "Na mtoto wangu?"

Nilianza na hilo. Hata kama ripoti ile ingekuwa ya kweli kabisa, kikombe hakiambukizi homa ya ini B. Wala sahani, wala kukumbatiana, wala kupika. Vya kutenganisha ni wembe, mswaki na kikata kucha, na hivyo kila mtu nyumbani anapaswa kuwa na vyake siku zote. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Tulimwomba jirani apige picha ya kitabu cha kliniki aitume kwa simu, na dozi zote tatu za ile tano-kwa-moja zilikuwa pale, zimegongwa muhuri. Shangazi aliitazama ile picha muda mrefu. Hakusema kitu, ila leso moja aliivua begani akaikunja.

Kinachopimwa ndicho kinachodungwa

Mwaka 1965 mtafiti wa Marekani, Baruch Blumberg, alipata katika damu ya mtu wa jamii ya wenyeji wa asili wa Australia protini ambayo yeye na wenzake waliiita antijeni ya Australia. Baadaye ikajulikana kwamba ni ganda la nje la kirusi cha homa ya ini B. Akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na siku yake ya kuzaliwa, Julai 28, ndiyo siku ya homa ya ini duniani. Antijeni hiyo moja ilizaa vitu viwili. Cha kwanza ni kipimo: ukiikuta kwenye damu, mtu ana virusi. Cha pili ni chanjo: ukimpa mtu ganda tupu lisilo na kirusi ndani, mwili hujifunza kulitambua. Chanjo za mwanzo, za 1981, zilitengenezwa kutokana na damu ya watu wenye virusi. Tangu 1986 ganda hilo hutengenezwa na hamira iliyowekewa jeni yake. Katika mililita moja ya chanjo niliyomdunga mlikuwa na maikrogramu 20 za antijeni hiyo hiyo.

Basi fikiria damu yake Alhamisi ile. Ganda nililolimwaga begani mwake Jumatatu lilikuwa bado linazunguka kidogo kidogo. Mashine ya maabara haijui limetoka wapi. Imeulizwa kama lipo, ikajibu lipo. Jambo hili linafahamika kwa madaktari: HBsAg ya chanjo imewahi kuonekana katika damu ya watu wazima hadi siku 18 baada ya dozi, na ndiyo maana mtu aliyechanjwa hivi karibuni hapaswi kupimwa HBsAg wala kuchangia damu katika kipindi hicho. Mimi nilijifunza hilo darasani. Kulikumbuka mbele ya mteja mwenye orodha nyuma ya risiti ni kazi nyingine.

Hata hivyo, kueleza kwamba huenda ni chanjo si sawa na kuthibitisha. Daktari wetu alifika saa nne, tukakaa naye chumba cha nyuma tukayaweka mezani yote yanayowezekana. Huenda ni chanjo. Huenda ni kosa la mashine au la sampuli. Huenda amebeba virusi tangu utotoni bila kujua, jambo la kawaida sana katika bara letu: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 65 katika Kanda ya Afrika wanaishi na homa ya ini B sugu, na walio wengi hawajawahi kupimwa. La nne ndilo lililotuumiza kichwa: huenda ameambukizwa wiki chache zilizopita, na HBsAg ndiyo kwanza inachomoza.

Njia ya kutofautisha imo ndani ya kirusi chenyewe. Chanjo ina ganda tu, haina kiini. Mtu aliyepata virusi vya kweli hutengeneza kingamwili dhidi ya kiini, zile zinazoandikwa anti-HBc kwenye ripoti, na hizo humkaa karibu maisha yote. Aliyechanjwa tu hawezi kuzipata kutokana na chanjo. Kwa hiyo anti-HBc ikiwa chanya, chanjo haihusiki, na tungelazimika kumwambia ukweli mgumu. Ikiwa hasi, ugonjwa wa zamani unafutika, lakini maambukizi mapya kabisa bado hayajafutika, kwa sababu ganda hutangulia kuonekana kabla ya kingamwili za kiini. Hapo hakuna ujanja ila kusubiri na kupima tena.

Tukamtoa damu Jumamosi hiyo hiyo, siku ya tano. Kipimo cha haraka, kile cha kidole na karatasi, kilitoka hasi. Mashine ya maabara tunayopeleka sampuli ilitoa HBsAg chanya, lakini kwa kiwango cha chini sana, juu kidogo tu ya mpaka. Anti-HBc hasi. Kingamwili za kinga, anti-HBs, hazijaanza, kama ilivyotarajiwa. Kipimo cha ini, ALT, kiko sawa. Kipimo cha haraka kuwa hasi si ushahidi wa kutosha peke yake, maana karatasi zile hukosa viwango vidogo, lakini picha yote ilielekea upande mmoja.

Mzozo wa siku ya saba

Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya 7, siku ya dozi ya pili. Hapa mimi na mwenzangu wa kliniki tulitofautiana, na nakiri hoja yake haikuwa ya kijinga.

Alisema: huyu ana mwezi mmoja, anakwenda kazi yenye hatari, tumpe dozi kama ilivyopangwa, mambo ya medikali ni ya ajenti. Dozi moja peke yake huwakinga kati ya asilimia 30 na 55 ya watu wazima wenye afya walio chini ya miaka 40. Mbili hufikisha kama asilimia 75, na tatu huvuka 90. Kila dozi tunayoichelewesha ni hatari tunayomwachia.

Nilisema: tukimdunga leo, saa ya siku 18 inaanza upya. Kipimo chochote cha wiki tatu zijazo kitakuwa na doa lile lile. Tutakuwa tumempa kinga nusu na kumnyang'anya kazi nzima. Isitoshe, ratiba ya mbio nayo haimalizi kazi mapema kama watu wanavyodhani. Wiki moja baada ya dozi yake ya tatu ni kama thuluthi mbili tu ya watu wanaokuwa wamefikia kiwango cha kinga, na ndiyo sababu ile dozi ya mwaka haiwezi kuachwa. Kuchelewa, kwa upande mwingine, hakuharibu kitu. Chanjo ya homa ya ini B haianzwi upya hata dozi zikipishana kwa miezi, unaendelea pale ulipoachia.

Daktari alikubaliana nami. Tukasimamisha. Nikampigia simu mteja, nikamwambia asije Jumatatu, aje siku ya 28, na kabla ya hapo asidungwe popote pengine hata akiambiwa ni bure.

Wiki hizo tatu ndizo zilizokuwa ndefu. Ajenti alimpigia mara mbili. Mara ya kwanza kumkumbusha kwamba hoteli haisubiri. Mara ya pili kumwambia yuko mtu mjini "anayesafisha ripoti", alipe elfu kumi na tano. Aliniuliza nimshauri nini. Nilimwambia akilipa hizo pesa atafika Jeddah na ripoti safi ya uongo, apimwe tena kule, na kama kuna lolote litatokea akiwa mbali na shangazi yake. Alikubali kungoja, ingawa sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu siku kwa vidole. Kusuka nywele aliendelea, kwa sababu wateja wa Kayole hawakuambiwa kitu. Nyumbani, alinieleza baadaye, kile kikombe kilirudi kabatini na vingine siku ya tatu. Shangazi alikirudisha mwenyewe, kimyakimya.

Siku ya 28

Alikuja saa mbili. Tulitoa damu kabla ya kitu kingine chochote, tukaipeleka maabara ile ile, mashine ile ile, ili tulinganishe kilicho sawa. HBsAg hasi. Anti-HBc bado hasi. Ingekuwa ni maambukizi mapya, baada ya wiki nne antijeni ingekuwa imepanda badala ya kutoweka. Daktari aliandika barua ya kurasa mbili: tarehe na saa ya chanjo, aina yake na namba ya toleo lililoko kwenye kichupa, majibu ya siku ya 5 na ya siku ya 28, na maelezo kwa nini ile ya siku ya 3 haiwezi kusomwa kama ugonjwa.

Alipokwisha kusoma majibu akanyoosha mkono. "Basi nidunge ya pili, sista, niende."

Nilikataa. Kituo cha medikali hakikuwa kimemchukua damu tena, na kama nilivyokwisha kuungua mara moja, sikutaka kuunguzwa na moto ule ule. Barua yetu ni karatasi, kituo kitataka damu yake mwenyewe kwa mashine yake. Nikamwambia apeleke barua kwanza, akitoka kwenye majibu yao ndipo aje.

Daktari wa kituo kile, nampa heshima yake, aliisoma barua na akakubali kupima upya. Walimtoa damu siku ya 32. Siku ya 33 majibu yalikuwa hasi, na adhuhuri ya siku hiyo hiyo nikampa dozi ya pili. Lakini nafasi ya hoteli ilikuwa imekwenda. Ajenti alimpa msichana mwingine wiki moja kabla, na pesa alizolipa za kushughulikia viza hakurudishiwa zote. Barua yetu ilikuwa sahihi kila mstari na ikafika imechelewa.

Lawama sehemu kubwa ni yetu. Ajenti aliandika orodha bila kujua kwamba mpangilio wake una maana, na yeye si mtu wa afya. Kituo cha medikali nacho kilipima kilichotakiwa kupima. Ningetaka wawaulize watu kama wamechanjwa majuzi, lakini hata sisi hatukuwauliza. Sisi ndio tuliokuwa na ujuzi na kichupa mkononi. Tumebadilisha fomu. Swali la kwanza sasa, kabla ya mzio na kabla ya ujauzito, ni kama mteja ana medikali inayomngoja na ni siku gani. Kama ipo, chanjo ya B inangoja mpaka majibu yatoke. Ya homa ya manjano haihusiki na kipimo hiki, hiyo tunaitoa siku yoyote inayofaa, mradi zile siku 10 zitimie.

Kwa msafiri asiye na medikali ya namna hiyo, mambo ni mepesi zaidi. Tunamtoa damu kwanza na kumdunga dozi ya kwanza papo hapo, kikao kimoja, ilimradi damu itangulie sindano hata kwa dakika mbili. Tunapima vitu vitatu pamoja: HBsAg, anti-HBc na anti-HBs. Wapo wanaonung'unika kwamba tunawaongezea gharama. Lakini chanjo haimsaidii aliyekwisha kuwa na virusi, na anayechanjwa bila kupimwa anaweza kuishi na imani ya uongo kwamba amekingwa huku ini lake likiharibika.

Miezi miwili baada ya kisa hiki habari zake zilikuwa zimesambaa, kama zinavyosambaa habari zote za medikali. Akaja kijana mmoja na ripoti ya hafai, akaomba barua "kama ile ya yule dada". Alisema alichanjwa wiki iliyotangulia mahali fulani, kadi imepotea. Tukampima. HBsAg ilikuwa juu sana, kipimo cha haraka kilibadilika rangi mara moja, na anti-HBc ilikuwa chanya. Chanjo haiwezi kufanya hivyo. Tulikaa naye saa nzima. Nilimweleza kwamba pengine aliipata akiwa mtoto mchanga, kwa sababu wachanga wapatao 9 kati ya 10 wanaoambukizwa hubaki nayo maisha, ilhali kwa watu wazima ni chini ya 1 kati ya 20. Nikamweleza kwamba wengi huishi nayo miaka mingi wakiwa na nguvu zao, kwamba dawa ipo, tenofovir, kidonge kimoja kwa siku kwa wale wanaoihitaji, na kwamba kazi yake sasa ni kufuatiliwa: kipimo cha wingi wa virusi, ALT, picha ya ini. Nikamwomba mkewe aje achanjwe. Hakutaka kusikia neno la Ghuba siku hiyo, na sikumlazimisha. Alikwenda kliniki ya ini kwa barua ya rufaa, na mkewe alikuja wiki iliyofuata.

Sera ya kumkataa mfanyakazi kwa HBsAg sina uwezo wa kuibadilisha nikiwa Ngara, na maoni yangu kuihusu ni mabaya. Mpishi mwenye homa ya ini B hawezi kumwambukiza mtu kwa chapati. Lakini sera ndiyo iliyopo, na wateja wangu wanapita humo.

Yule dada wa Kayole alirudi mwezi wa sita tangu dozi ya kwanza, Alhamisi moja mchana, jua kali, amevaa blauzi ya mikono mirefu. Amepata mkataba mwingine, hoteli nyingine, Jeddah ile ile. Kadi yake ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa ndani ya kitabu cha kliniki cha mtoto. Nilishika kichupa cha dozi ya tatu, lakini kabla sijakifungua nikamuuliza.

"Medikali?"

"Nilitoa damu Jumatatu, sista. Majibu yametoka jana." Akatoa karatasi, akaiweka mezani juu ya faili, tarehe ikiwa upande wangu. Nilipomaliza kuisoma alikuwa amekwisha kukunja mkono wa blauzi mpaka begani.